Mzazi Ndani ya Mvule

Paukwa!

Pakawa!

Hao wa nyuma wameitikia kwa midomo mikavu. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa tumekutana.

Hapo zamani za kale, kabla babu yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji kando ya mto. Upande huu kijiji, upande ule kijiji, katikati maji, na ndani ya maji mamba. Mtu akitaka kuvuka alipanda mtumbwi, na mtumbwi ulikuwa mmoja tu. Siku moja ukagonga kisiki. Pwaa! Ukapasuka vipande viwili.

Basi palikuwa na mchongaji, jina lake Thoya. Mikono alijaliwa, maneno alinyimwa. Mkewe, Nyevu, alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza, nayo ilimlaza kitandani. Mkunga wa nchi ile alikuwa mmoja, naye aliishi ng'ambo. Mmeiona shida yake? Bila mtumbwi, hakuna mkunga. Bila mkunga, Thoya hapati usingizi.

Thoya akaingia msituni, akachagua mvule. Mvule mnene, umenyooka, uko kando ya maji. Na desturi ya wachongaji wa zamani ilikuwa hivi: mti wa mtumbwi hauangushwi kimya kimya. Hupigiwa ngoma siku saba ili utulie, ndipo shoka lianze. Kijiji kizima kikaenda. Ngoma zikalia, ndi! ndi! ndi! Vichaka vikafyekwa. Moto ukawashwa. Watu wakala, wakacheza, wakafurahi.

Siku ya kwanza, tumbili wakahama. Siku ya pili, viboko waliokuwa wakilala kwenye kina chini ya mvule wakainuka, wakaenda zao. Unajua walikwenda wapi? Mashambani. Siku ya tatu kijiji kikaamka, mahindi yote yamelala chini kama mkeka. Watu wakawalaani viboko. Hakuna aliyezilaani ngoma.

Sasa Bibi Mbeyu. Huyu ndiye niliyemjia leo. Mjane, msuka mikeka, mfupi, mwenye kikohozi kisichokwisha na ulimi usiombembeleza mtu. Kila asubuhi alikwenda mtoni kukata ukindu, kwa hiyo mambo ya msitu aliyajua kama ya jikoni kwake. Siku ile ya tatu akapita chini ya mvule, akakanyaga tunda la mkuyu. Akatazama. Matunda ya mkuyu yametapakaa chini, na mkuyu wenyewe hauko hapo karibu. Akainua macho. Juu kabisa, penye tundu la mti, akaona tope lililokauka, na katika tope ufa mwembamba, na katika ufa ncha ya mdomo wa ndege.

Akakata kitawi cha majani mabichi, akakifunga kwenye shina la mvule.

Kitawi hicho, wanangu, hutundikwa mlangoni kwa mwanamke aliyejifungua. Kikionekana, hapatwangwi, hapapigwi ngoma, hapagombwi, mpaka arobaini iishe. Thoya alipofika na wapiga ngoma wake, akakiona, akauliza nani kakifunga.

"Mimi," akasema Bibi Mbeyu.

"Bibi, hiki ni cha mzazi."

"Na mzazi yumo."

Watu wakacheka. Mpiga ngoma mmoja akasema Bibi ameanza kuzeeka vibaya. Bibi akakohoa, akamgeukia. "Wewe mama yako alipokuzaa, mimi nilikwenda kutwanga shambani, mbali, ili ulale. Laiti ningetwangia mlangoni pako." Sasa wakamcheka mpiga ngoma. Kisha akamwambia Thoya, "Mjukuu wangu, nipe asubuhi moja. Kaa nami hapa. Ngoma zirudi nyumbani."

Wakakaa. Kimya. Jua likapanda. Kimya. Mdomo ukatoka ufani, ukarudi. Ukatoka, ukarudi. Chakula hakuna. Jua lilipofika utosini, ndipo wakasikia: fuu, fuu, fuu. Hondohondo dume, ndege wa mdomo mkubwa, koo limejaa. Akatua mbali, akatazama. Akasogea, akatazama. Akafika kwenye ufa, akatema tunda, akampa mkewe. Akatema jingine, akampa. Akatema jingine. Na ndani ya mti vifaranga wakalia, chii, chii.

"Amejifungia mwenyewe kwa tope," Bibi akanong'ona. "Manyoya ya kurukia yamempukutika, hata akitoka haruki. Wa kumlisha ni yule mmoja. Siku zote hizi amekuja na chakula, akakuta ngoma, akakimwaga, akakimbia."

Thoya akainamisha kichwa. Akasema, "Nimeona, Bibi. Lakini Nyevu naye yuko ndani. Mvule mwingine uko mbali, kuufikisha mtoni ni kazi ya miezi. Masika yanakuja. Nikiuacha huu, nani atamvusha mkunga?"

Wapo wazee ambao hapo wangemtolea hotuba. Bibi Mbeyu hakuhutubia. Akasema, "Umesema haki. Nipe siku nane."

Akafunga kibwebwe, akashika fimbo, akafuata mto kwenda juu, peke yake, kwa umri ule. Nenda, nenda, nenda, siku mbili, hadi penye mawe ambapo mtu huvuka kwa miguu. Maji yalikuwa ya kifua, na kwa kimo chake yeye yalikuwa ya shingo. Akavuka. Nenda, nenda, nenda, siku mbili, akashuka ng'ambo hadi kwa mkunga. Kisha wakaianza njia ile ile, wawili. Siku ya nane watu wakasikia kikohozi kinakuja, na nyuma ya kikohozi, mkunga.

Mkunga akakaa kwa Bibi Mbeyu mwezi mzima akimngoja Nyevu. Na mkunga yule, Mungu amrehemu, alikuwa mlaji. Kuku sita wa Bibi wakaisha. Bibi hakunung'unika, ila yule wa sita alimwomba radhi kabla ya kumchinja.

Masika yakashuka. Mto ukafura, mawe yakazama, hapana wa kuvuka tena. Uchungu ukamshika Nyevu alfajiri. Mtoto akatanguliza miguu. Mkunga akageuza, akaomba, akageuza, akavuta. Jua la saa sita, kilio: ngaa! Msichana. Mama mzima, mtoto mzima. Thoya akaketi chini mlangoni, akalia mbele za watu, wala hakuona haya.

Siku ya tisa baada ya hapo, tope la mvule likavunjwa kwa ndani. Akatoka hondohondo mama, amekonda, na vifaranga wake wawili. Viboko wakarudi kwenye kina chao. Mtumbwi Thoya aliuchonga kiangazi, kwa mvule wa mbali, baada ya kukaa chini yake asubuhi nzima akisikiliza. Hata leo kwetu mchongaji hukaa kwanza.

Miaka ikaenda. Kikohozi kikamchukua Bibi Mbeyu. Na mzee wa heshima yake huzikwa kwa ngoma, siku saba. Watu wakazitoa ngoma zote, wakaziwamba upya, wakamlilia wakisema huyu tutampigia hadi ng'ambo wasikie. Kaburi lilichimbwa ukingoni mwa msitu.

Thoya akasimama mbele yao. "Ni msimu wa hondohondo," akasema. "Wamo ndani."

"Tumzike Bibi kama mtu asiye na kwao?" akauliza mpiga ngoma.

"Alitembea siku nane ili ngoma hizi zisilie. Mimi nina mtoto kwa ajili ya siku hizo. Sitazipiga, wala sitamwachia mtu azipige."

Mpiga ngoma akaiweka ngoma yake chini. Wengine wakaweka zao.

Wakamzika kwa minong'ono. Wanawake walilia wakiwa wameziba midomo kwa leso. Kijiji kizima kilikuwa pale, na hapakusikika kitu ila udongo ukirudi shimoni. Shukrani kubwa kuliko ile hatujapata kumpa mtu.

Funzo lake, wanangu: ukiingia msituni au mtoni umeingia nyumbani kwa watu, na huenda mna mzazi. Tuliza mguu, tuliza mkono, uliza kwa macho kwanza.

Ngano yangu naitua hapo. Asanteni kwa masikio yenu, na asante Bibi Mbeyu, huko aliko.