Neno Moja Kwenye Daftari la Karani

Tegeni masikio, kisha mnisaidie kuamua, maana mimi jambo hili limenishinda.

Katika Milima ya Taita waliishi watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Mnjala alikuwa na jicho: maandishi yaliyofifia hadi wengine wakaona karatasi tupu, yeye aliyasoma. Mwalimu Mghoi alikuwa na Kiingereza, si cha kujionyesha, bali cha kujua kila neno limekaa wapi na kwa nini. Mwadime hakuwa na elimu. Alikuwa na imani ya watu. Tangu utotoni hakuna aliyewahi kumshika na uongo.

Kijiji chao, Mwambani, kilikuwa na nyumba sitini na moja chini ya jabali kubwa.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, Mnjala alikuta daftari la marehemu babu yake, aliyekuwa karani wa mpimaji ardhi Mzungu. Unyevu ulikuwa umekula wino. Kwa siku tisa aliinua kila ukurasa dirishani ili mwanga upenye, akinakili herufi moja moja. Siku ya kumi akapata sentensi nzima ya Kiingereza: "He said the rock would fall when the spring ran red."

Na wiki hiyo hiyo chemchemi ya kijiji ilikuwa imeanza kutoa maji mekundu.

Mkutano ukaitwa. Chifu akasoma. "Anasema jabali lingeporomoka maji yakiwa mekundu. Lingeporomoka, siku zile. Halikuporomoka. Yamekwisha hayo."

Watu wakashusha pumzi, isipokuwa Mghoi. Aliliomba daftari, akaisoma sentensi ile mara ya pili, ya tano, ya ishirini. Kisha akasimama.

"Chifu, samahani. Sisi tukisimulia maneno ya mtu tunasema, 'Alisema jabali litaporomoka.' Ile 'litaporomoka' hatuigusi. Waingereza huigusa. Wakisimulia ya jana, hata kesho ya siku ile huivuta nyuma, ndiyo maana ya hii 'would'. Hapa hakuna 'kama'. Mpimaji alisema litaanguka siku maji yatakapokuwa mekundu."

"Mwalimu, una hakika?" aliuliza mama mmoja, mtoto mgongoni.

Mghoi alihisi kijiji kizima kimemlalia ulimini. Akikosea, watoto watanyeshewa bure. Asipokosea...

"Nina hakika, mama."

"Tuhame kwa sababu ya sarufi?" mtu akasema, na wengi wakacheka.

Mwadime hakubishana. Alikwenda kwenye nyumba yake, ambayo haikuwa imemaliza hata miezi minne, akapanda juu, akaanza kung'oa mabati. Bati la tatu lilipogusa ardhi, jirani yake alikuwa anatafuta nyundo. Kufikia adhuhuri vitanda vilikuwa vinavushwa bonde.

Alhamisi iliyofuata asubuhi, watu wakichemsha uji ng'ambo ya bonde, ndege walinyamaza. Kisha jabali likaondoka mahali pake, polepole, kama mtu anayeinuka kitini. Mshindo ulifika baadaye, ukaingia vifuani kabla ya masikioni. Udongo ulipotulia, Mwambani haikuwapo.

Walihesabiana mara tatu. Hakupungua hata mtoto mchanga. Mghoi alipiga magoti kwenye tope.

Mwezi uliofuata akaja ofisa kusajili kijiji kipya. Watu walitaka kiitwe kwa jina la aliyewaokoa. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja tu.

"Mnjala! Bila jicho lake tungejuaje?"

"Tulisomewa, tukashusha pumzi! Ni Mwalimu aliyetuamsha."

"Mwalimu si mlimcheka? Ni mabati ya nani yaliyowatoa?"

Mghoi aliona haya kwamba moyo wake ulitaka liandikwe jina lake. Akamtazama Mnjala, akamtazama Mwadime, asijue wao walitaka nini. Ofisa akaishika kalamu, akangoja.

Haya, nyinyi mlionisikiliza: kalamu ile ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani?