Kiriba Kilichopasuka Kituo cha Tatu

Inasimuliwa katika habari za waja wema jambo ambalo wengi walilipokea na hakuna aliyelifumbua: vipi mji wenye nyumba arobaini za washonaji wa viriba, mifuko ya ngozi ya kuchukulia maji, uliweza, kwa miaka kumi na mmoja, kusema kwa kinywa kimoja kwamba viriba vya mahujaji hutengenezwa na mtu mmoja, na mtu huyo hajapata kuonekana ameshika sindano. Hapakuwa na mla rushwa katika habari hii. Utba, katibu wa Baitulmali, alikuwa mtu wa safu ya kwanza msikitini, na hakupokea hata tende ya mtu. Huyo mtu mmoja, tajiri Jandal bin Mardas, alikuwa akilisha mafukara kila Ijumaa. Basi dhulma iliingilia mlango gani? Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.

Mji huo ulikuwa ukingoni mwa jangwa, katika njia ya kwendea Makka. Kila mwaka, kabla msafara haujaondoka, Baitulmali ilitangaza kwamba inataka viriba elfu moja vya maji kwa ajili ya mahujaji wasiojiweza. Mwenye kuitaka kazi hiyo ilimpasa alete viriba vyote elfu peke yake, na aweke nyumba ya mawe kuwa dhamana. Aliyekuwa na nyumba ya mawe ya kuweka, na bado akabaki na pa kulala, ni Jandal tu. Kazi ikawa yake. Naye hutuma dalali wake kwa washonaji, huyu ashone ishirini, yule thelathini, kisha vyote hupigwa muhuri wa Jandal.

Miongoni mwa washonaji hao alikuwamo mjane mcha Mungu akiitwa Ummu Dhakwan. Hakuwa akichoma sindano kwenye ngozi ila kwa Bismillahi, na mwisho wa kila mshono aliurudisha uzi nyuma mara tatu, kama alivyofundishwa na mamaye, na hapakuwa na mwingine mjini aliyefanya hivyo. Ngozi zake alizilaza katika maji ya maganda ya mgunga siku kumi na mbili, hazipungui, ili ziive zisije zikaoza. Wenzake walimfanya msemaji wao. Miaka mitatu walimwendea Utba na ombi moja, kila mtu alete Baitulmali kile awezacho, kwa jina lake mwenyewe. Na miaka mitatu Utba aliwajibu kwa upole, "Sharti ni sharti, ndugu zangu. Kitu kikiharibika, nyinyi mlio wengi na wadogo, nitamshika nani?"

"Mshike Jandal basi," akasema Zuhayr, jirani wa Ummu Dhakwan, naye ni mshonaji kama yeye. "Sindano aijuayo yule ni ya kutolea mwiba mguuni!"

Wakacheka, wakarudi makwao mikono mitupu.

Mwaka wa nne liwali wa mji alikubali kuwasikiliza yeye mwenyewe, akawapangia siku. Washonaji wote wakaja. Utba alikuwapo na daftari lake, na Jandal alikuwa ameketi karibu na liwali. Lakini kabla Ummu Dhakwan hajafungua kinywa, aliingia kiongozi wa msafara, vumbi la njia bado usoni, akabwaga kiriba kitupu juu ya mkeka.

"Tulifika kituo cha tatu tukakuta kisima kimekauka," alisema. "Mzee mmoja na bintiye walikitegemea kiriba hiki. Kilikuwa kimepasuka mshononi, na mchanga umekwisha kunywa maji yote. Tuliwagawia tulichokuwa nacho, hakikutosha. Tumewazika hukohuko."

Watu wakapigwa na butwaa. Kisha zikazuka kelele, kwa maana muhuri wa Jandal ulionekana wazi. Jandal akasimama, akaketi, akasimama tena. "Wallahi mimi... mimi sijui..."

"Nenda!" Zuhayr alimnong'oneza Ummu Dhakwan. "Nenda ukawaonyeshe kiriba cha mtu wao mkubwa!"

Alikwenda, akapiga magoti mkekani. Alipoushika mshono, ngozi ilimomonyoka vidoleni kama mkate uliolowa. Akautazama mwisho wa uzi. Ulikuwa umerudishwa nyuma mara tatu.

Akakumbuka jinsi dalali alivyosimama mlangoni akimhimiza, na yeye akazitoa ngozi tano majini siku ya nane, akijiambia kwamba tano katika elfu si kitu.

Zuhayr alikuwa amemfuata. Naye alikuwa mshonaji, hakuhitaji kuambiwa. "Ummu Dhakwan," alisema kwa sauti ya chini kabisa, "kwa haki ya ujirani, nyamaza. Hakuna ajuaye ila mimi na wewe. Ukisema, leo wametufungia mlango sisi na watoto wetu."

"Na wale wawili, Zuhayr? Haki yao nimwachie nani?"

Akasimama akikishika kiriba kwa mikono miwili. "Ewe liwali, kiriba hiki nimekishona mimi. Ngozi yake haikuiva. Niliitoa majini kabla ya siku zake, na nilijua."

Wapo waliodhani amerukwa na akili. Mwanamke mmoja nyuma alilia kwa sauti. Lakini aliyeshtuka kuliko wote alikuwa Jandal. Alimtazama yule mjane kana kwamba ametoka ardhini.

"Mama," alisema, "kwani wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyekushonea viriba vyako miaka kumi na mmoja."

Jandal akaketi chini kabisa, juu ya sakafu.

Utba akamgeukia liwali. "Umesikia, ewe liwali? Hili ndilo nililokuwa nikilihofia kwa wadogo."

"Sijitetei," akasema Ummu Dhakwan. "Ila nitasema nililo nalo moyoni. Lau kiriba hiki kingekuja kwako kikiwa na jina langu, nisingethubutu. Nilijua hakitajulikana kuwa changu."

Liwali akamuuliza Utba, "Sharti hili la elfu moja na nyumba ya mawe, nani aliliandika?"

"Nililikuta daftarini. Aliyenitangulia naye alilikuta."

"Nawe uliliacha libaki ili umjue wa kumshika. Je, leo muhuri huu umekuonyesha nani alishona?"

Utba akalifunga daftari lake.

Enyi wapenzi, tusimlaani Utba, ambaye alidhani anailinda amana, wala Jandal, ambaye hakuuliza. Wala tusimpambe mama huyu kwa asichokuwa nacho. Alikosea, na watu wawili wako chini ya mchanga. Lakini palipokuwa na muhuri wa mtu mwingine wa kujifichia, yeye alitoka akasimama mbele ya watu. Ni wangapi kati yetu tungetoka?

Haki ya warithi wa wale wawili iliamuliwa na kadhi, na Ummu Dhakwan na Jandal wakaibeba pamoja bila kubishana. Ama kuhusu viriba, liwali aliamua kwamba elfu moja igawanywe mafungu ya ishirini ishirini, kila mshonaji aombe fungu aliwezalo na atie alama yake mwenyewe. Dhamana ikawa ushahidi wa majirani wawili. Na kila kiriba kijazwe maji, kitundikwe uani mwa Baitulmali tangu alfajiri hadi adhuhuri, na kitakachotoa tone kisipokelewe.

Aliyelifuta sharti la zamani ni Utba, kwa kalamu yake, kisha akazunguka kwa miguu nyumba zote arobaini akiandika majina. Ummu Dhakwan alizuiwa kushona kwa mwaka mzima, akapewa kazi ya kujaribu viriba vya wenziwe. Siku ya kwanza alitundika fungu la Zuhayr. Kabla ya adhuhuri kimoja kikatoa tone.

"Tone moja tu, jirani yangu!" akasema Zuhayr.

"Nimeliona," akajibu Ummu Dhakwan. Akakiteremsha, akamwaga maji, akaukata mshono kwa kisu chake.