Nyumba Tatu za Bi Mwanatumu

Sogeeni karibu, na anayesinzia akanawe uso, maana hadithi hii ina swali mwishoni na sitaki mtu anitumbulie macho.

Kikokoni ni kijiji kilichotulia, pale mto unapoishia baharini. Waliishi huko watu watatu, wajukuu wa bibi mmoja. Mwinjuma alikuwa hodari wa kutunza: kitu kikishaingia mikononi mwake hakipotei, hata kibiriti kitupu. Shekue alikuwa hodari wa kukaa: mahali akishapakalia, hang'oki. Sikudhani alikuwa hodari wa kusuka, na hakuna kichwa cha mwanamke pale kijijini ambacho hakikupita magotini pake.

Siku moja akarudi shangazi yao, Bi Mwanatumu. Aliondoka Kikokoni akiwa na miaka saba, mama yake alipofariki, baba yake akamchukua hadi Tabora. Sasa alikuwa na miaka sitini na minane, mjane, na alitaka kumalizia siku zake nyumbani. Lakini nyumba ya mama yake mto ulishaila zamani, ukingo na kila kitu. Na lipo lililomuuma zaidi ya hilo: alikuwa amemsahau mama. Mwendo, sauti, sura, vyote vilimfutika.

"Nikifa nikakutana naye," aliwaambia, "nitampita kama mpita njia."

Wote watatu wakamtaka akae kwao. Sasa, Kikokoni mzee hukaa nyumba moja. Anapotua mzigo wake ndipo anapokuwa mama wa nyumba, na ndipo jeneza lake litakapotoka siku yake ikifika. Wakampa siku tatu azione nyumba zote, na Ijumaa baada ya sala aamue.

Siku ya kwanza akaenda kwa Mwinjuma. Mto ulipokuwa ukimega ukingo, Mwinjuma aliuchukua mgongoni mlango wa nyumba ile ya zamani, mlango wa mvule, akaja kuutia kwake. Bi Mwanatumu alipousukuma ukalia mlio mzito, naye akaganda kizingitini. Akamwona mwanamke mwenye ndoo kichwani na mtoto mkononi, akiusukuma mlango kwa nyonga, akiingia kinyumenyume.

"Alikuwa anaingia hivi!" akapiga kelele, akaingia kinyumenyume mwenyewe, nusura aanguke. Mwendo wa mama ulikuwa umerudi.

Siku ya pili akaenda kwa Shekue. Mto ulipokuwa ukimega ukingo, watu walihamia juu, Shekue akabaki. Kila mwaka mto ukichukua hatua, naye alirudisha kibanda chake hatua moja nyuma, wala haongezi ya pili. Kibanda kinavuja, makuti yamechakaa, tusifichane. Mchana ule walikaa wakitazama maji. Mto ulikuwa ukishuka. Halafu ukasita, bahari ikaanza kuusukuma urudi ulikotoka, na mikokoni kukaanza mlio kama wa watu wanaonong'ona. Bi Mwanatumu akamshika Shekue mkono.

"Chumvi inapanda! Tekeni upesi!" alisema, kwa sauti isiyo yake. Ndivyo mama alivyokuwa akiwaita watoto wawahi kuteka maji matamu kabla bahari haijaingia mtoni. Sauti ya mama ilikuwa imerudi.

Siku ya tatu akaenda kwa Sikudhani. Yeye hakuokoa mlango wala hakulinda ukingo. Alirithi kitu kimoja tu, ususi, kutoka kwa bibi yake, ambaye ndiye aliyefundishana kusuka na mama wa Bi Mwanatumu, dada kwa dada.

"Kaa hapa chini, shangazi. Kichwa hiki Tabora walikuwa wanakifanyia nini?"

"Walikuwa wanakifunga kilemba wasikione."

Wakacheka. Sikudhani akamtia mafuta ya nazi, akaanza twende kilioni, mistari ya kurudi kisogoni, akiuvuta kila msuko kwa kidole kidogo. Alipofika nusu ya kichwa, Bi Mwanatumu akainua uso kutazama juu, kama mtoto anavyomtazama anayemsuka. Na pale, juu chini, kidevu mahali pa paji, akamwona mama. Jicho moja dogo kuliko jingine. Pengo la jino. Akalia mpaka majirani wakaja.

Ijumaa ikafika, watu wakatoka msikitini, wakajaa uwanjani.

"Bila mlango wangu," akasema Mwinjuma, "usingekumbuka hata unamtafuta mtu gani. Njoo, nyumba yangu ni kubwa na wanangu wote wameondoka."

"Mlango ni mbao," akasema Shekue. "Mama yako alikuwa pale ukingoni, si penginepo. Mimi nikihama, au nikifa peke yangu, nani atapajua?"

Sikudhani akasema wa mwisho. "Mimi sikumjua mama yangu. Nilipokuwa namsuka shangazi, nilijiona ninaye."

Bi Mwanatumu akaomba azunguke kwa zamu. Wazee wakakataa: mama si kibaba cha kuazimana. Akasimama katikati ya uwanja, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka, furushi mkononi. Alirudishiwa mama na watu watatu, na hakuna mmoja ambaye angeweza peke yake. Akimchagua mmoja, wawili wanabaki bila mama.

Haya, wewe uliyesikiliza na wewe uliyejifanya umelala: ungekuwa Bi Mwanatumu, furushi lile ungelitua kwa nani?