Mtu wa Mwisho Kwenye Foleni

Huko Japani, meneja mmoja aitwaye Kuroda alisimamia viti vya umeme vya kupandisha watu mlimani wakateleze kwenye theluji. Kila asubuhi aliwaacha wateja kwenye baridi, akikagua upya yale aliyokwisha kukagua.

"Bwana, jua limeshapanda. Utafungua lini?" aliuliza Saumu, mgeni kutoka Tanga.

"Utaratibu ukikamilika," alijibu Kuroda, akajimiminia chai.

Saumu akaenda mwisho wa foleni, kwa mtu aliyejiziba uso mzima kwa skafu na miwani. Akamwinamia hadi kiunoni, akamnong'oneza, akarudi.

"Yule ni nani?" aliuliza Kuroda.

"Sina ruhusa ya kumtaja. Ila aliniuliza jina lako."

"Ametoka makao makuu?"

"Mimi sijasema hivyo."

Kuroda akaiacha chai yake. Mara viti vikaanza kwenda, naye akamshika mkono yule mtu, akampandisha wa kwanza pamoja na Saumu.

Kileleni, yule mtu alivua skafu. "Mke wangu, tangu tuoane hujawahi kuniinamia. Leo kuna nini?"

"Usizoee," alisema Saumu, akatangulia kuteremka.