Vigingi vya Bi Kaa

Hapo zamani za kale, wanangu, na huyo anayetafuna muwa anyamaze, Bi Kaa alikaa na wanawe kwenye tope la pwani, chini ya mikoko.

Siku moja Kiboko na Nyati wakaja na mashoka. Ka! Ka! Ka! Kiboko alitaka boriti za nyumba, Nyati alitaka nguzo za ua. Hawakubakiza hata mti mmoja.

Bamvua, yale maji makuu ya bahari, lilipojaa, hapakuwa na mizizi ya kuyazuia maji. Shwaaa! Yakabomoa nyumba, yakawazoa watoto wote. Alibaki kitinda mimba tu, Mize.

"Mama, maji yakirudi tutakwenda wapi?"

Bi Kaa alilia mpaka macho yakamvimba, na macho ya kaa mnayajua yalivyo.

Kesho yake maji yakaleta mbegu za mkoko kutoka ng'ambo, ndefu, zimechongoka kama vigingi. Bi Kaa akazitazama, akajifuta machozi. Kwa Kiboko na Nyati, penye kigingi chako ndipo pako. Akamwendea Kiboko.

"Hodi, mzee! Shikamoo."

"Marahaba. Unataka nini, we kidudu?"

"Nimekuja kukuonya. Nyati anataka tope lote. Kesho anapiga vigingi."

"Thubutu!"

"Vya mti mkavu vitaoza kwa chumvi. Chukua hivi vibichi. Na usiache nafasi, atapenya!"

Kisha akamkimbilia Nyati, mbio zile zile za upande upande, akamwambia hayo hayo juu ya Kiboko.

Lo! Wakubwa wale walishinda topeni, chwapu! chwapu! huyu akichomeka huku, yule kule, matusi juu. Walizoea kukata miti tu. Mbegu yake hawakuwahi kuitazama.

Lakini mbegu haina haraka, wanangu. Bamvua lilirudi miche ikiwa bado michanga. Bi Kaa alimkumbatia Mize kwa magando yote mawili. Maji yakampokonya.

Miche mingi nayo iling'oka. Wale wawili wakachomeka mingine upya, kwa uchoyo wao.

Miaka ikapita. Siku moja Kiboko alikuja akakuta msitu.

"Ala! Vigingi vimeota! Umenichezea, we kidudu! Naving'oa vyote!"

"Ng'oa, mzee," Bi Kaa akamjibu taratibu. "Ukishang'oa chako, Nyati anapiga chake."

Kiboko akanywea. Nyati naye alipokuja aliambiwa vivyo hivyo, akanywea. Basi kila mmoja akawa mlinzi, mwenzake asiguse hata tawi.

Siku hizi bamvua likija, maji yakifika kwenye mizizi hupoa. Kamba wamerudi, na kaa wengine wamehamia na watoto wao. Wanamsifu Bi Kaa kwa ujanja wake. Yeye hukaa mlangoni pake akimwita Mize.

Mkoko uliokatwa utaupanda tena ukaota, wanangu, lakini mtoto aliyechukuliwa na maji harudi.