Simba, Kindi na Spreyi Isiyotaka Maji

Hadithi hadithi!

— Hadithi njoo...

Mbona mnaitika kama mmelazimishwa? Nyinyi hapo kwenye benchi, najua mmechoka kungoja. Hata mimi nimechoka. Tangu asubuhi nipo na mteja huyu, Mkawasi, hapa kwenye kiti cha saluni, chupa zangu zote za spreyi amezijaribu, kioo hakitoki mkononi, na bado hajachagua. Basi tufanyeje? Tupige hadithi. Mkawasi, kichwa wima. Haya, tena, kwa nguvu. Hadithi hadithi!

— Hadithi njoo! Uongo njoo! Nywele jaa!

Naam, hivyo.

Hapo kale palikuwa na Simba. Simba huyo alikuwa na nguvu, alikuwa na meno, alikuwa na sauti ya kutikisa mawe. Kitu kimoja hakuwa nacho. Nywele. Msiniambie ni manyoya, najua ni manyoya, lakini yeye mwenyewe aliyaita nywele, na nani angembishia? Zilikuwepo, ila nyepesi, laini, zimelala shingoni kama za mtu aliyenyeshewa. Upepo ukija, zinainuka. Upepo ukienda, zinalala. Kama zako, Mkawasi. Usinune, mimi ndiye ninayezishika.

Mwaka huo jua liliwaka kwelikweli. Mto ukakauka. Visima vikakauka. Likabaki bwawa moja tu, dogo, katikati ya mawe. Simba akaenda, akalikalia.

Mnadhani alikuwa na kiu? Wapi! Alikunywa siku ile ile akashiba. Alilikalia kwa sababu maji yale yalikuwa kioo chake. Kutwa anainama, anajitazama, ananuna. Anageuka upande, anajitazama, ananuna.

Wanyama wakaja kunywa. Simba akanguruma, "Nguruu! Rudini nyuma!"

"Bwana Mkubwa, tuna kiu."

"Mkinywa, maji yanatikisika. Maji yakitikisika, sijioni."

"Sasa sisi tutakunywa lini?"

"Nywele zangu zikijaa, mtakunywa. Zisipojaa, hanywi mtu!"

Hebu fikirieni. Watu wanakufa kwa kiu, kisa nywele za mtu mmoja! Pundamilia ulimi nje. Ngiri anachimba, anapata vumbi. Na watoto wa Kindi, wadogo vile, midomo imewapasuka, na kulia wameacha, maana hata machozi hayatoki.

Kindi mwenyewe mnamjua. Kadogo, unaweza kumfumbata mkononi. Lakini mkia! Mkia umejaa kama ufagio mpya. Akajisogeza mbele kuwaombea watoto wake maji, na Simba akauona ule mkia.

"Wewe! Mkia wako umejaaje hivyo?"

Kindi akafikiri upesi. Mkia ule alizaliwa nao. Lakini mwenye nywele nyepesi ukimwambia wewe umezaliwa na zako, anakuchukia bure. Akasema, "Ni spreyi, Bwana Mkubwa."

"Spreyi gani?"

"Spreyi ya kujaza. Unapuliza kwenye mizizi, nywele zinasimama."

"Niletee!"

"Na zikijaa, tutakunywa?"

"Zikijaa, mtakunywa."

Kindi akakimbia, tiki-tiki-tiki, akakinga utomvu wa mgunga, akautia kwenye kibuyu chenye tundu dogo. Akarudi, tiki-tiki-tiki. Akampulizia. Pshii! Pshii!

Simba akainama, akajitazama, akanuna.

"Hapana."

"Hapana nini, Bwana Mkubwa?"

"Inanata. Ona, nzi ametua, sasa hawezi kuondoka."

Kweli, nzi alikuwa pale juu, zzz, zzz, anaomba msaada. Na kule mwisho wa foleni Kobe akauliza, "Amechagua?"

Wakamjibu, "Bado."

Kindi akaenda, tiki-tiki-tiki. Simba alikuwa amesema anataka kitu cha kung'aa, basi akakamua mbegu za nyonyo. Akarudi. Pshii! Pshii!

Simba akainama, akajitazama, akanuna.

"Hapana."

"Hapana nini? Si zinang'aa?"

"Zinang'aa, lakini zimelala kuliko mwanzo."

Si mafuta hayo! Nywele nyepesi ukizimwagia mafuta zitafanya nini kama si kulala? Nasema hivyo kila siku humu ndani, ni kama naongea na ukuta. Kobe akauliza, "Amechagua?"

Wakamjibu, "Bado."

Kindi akaenda, akakoroga wanga wa muhogo. Pshii! Pshii! Safari hii zikasimama. Foleni nzima ikanyoosha shingo. Simba akatikisa kichwa kwa madaha, na unga ukamwagika mabegani, puu.

"Nimekuwa mzee!" Simba akalia. "Hapana!"

Kindi akaenda, akatwanga majani ya porini, ya ukali ukali. Pshii! Pshii!

"Hapana. Inanuka kama mbuzi."

"Lakini Bwana Mkubwa, mbuzi si unampenda?"

"Nampenda tumboni, simpendi kichwani!"

Kobe akauliza, "Amechagua?" Safari hii wakamtikisia vichwa tu. Makoo yalikuwa makavu.

Ndipo Simba akapumua, akajilamba, akajitazama tena majini kushoto, akajitazama kulia, akasema, na nawaomba msishtuke, akasema:

"Hebu nijaribu tena ile ya kwanza."

Jamani! Ile ya kwanza! Ile ya nzi! Kindi alitaka kumrukia amng'ate pua, na mimi nisingemlaumu. Lakini mwenye nguvu mpishe. Akameza hasira, maana mate ya kumeza hakuwa nayo, akasema, "Naifuata, Bwana Mkubwa."

Akafika kwake. Akamkuta kitinda mimba wake amelala ubavu. Akamwita, mtoto hakuinua kichwa. Akamgusa, mtoto akafungua jicho moja, akalifunga. Kindi akakaa chini, moyo ukamwuma.

Akajisemea, "Huyu Simba hata nikimletea spreyi ya peponi, hatachagua. Amekaa na kioo mchana kutwa. Mtu aliyekaa na kioo mchana kutwa hakosi kuona kasoro. Kumbe mimi nahangaika na nywele, na shida si nywele. Shida ni kioo."

Akanyanyuka. Akachukua kibuyu cha kwanza, kile kile, chenye utomvu ule ule. Hakuongeza kitu, hakupunguza kitu. Akakifunga kitambaa chekundu shingoni, basi. Akarudi bwawani amekificha mgongoni, na amekificha vibaya kwa makusudi, kitambaa kinaonekana.

"Umeficha nini?" Simba akauliza.

"Sijaficha kitu."

"Nakiona chekundu!"

"Ah, hii? Hii sikupi, Bwana Mkubwa. Hii ina masharti. Wengi imewashinda."

Mnamjua mlafi. Mwambie hiki si chako, utaona. Simba akaruka juu. "Imewashinda wao, itanishinda mimi? Lete! Lete yote!"

"Basi inama. Kichwa chini kabisa. Nywele zianguke mbele."

Simba akainama.

"Tulia." Pshii kwenye mizizi. "Tulia!" Pshii nyuma ya sikio. "Sasa tikisa. Tikisa! Haya, inua kichwa, ghafla!"

Simba akainua kichwa, fyaa! Nywele zikasimama zote, huku na huku. Zingeacha kusimama? Nywele zikining'inizwa kichwa chini kisha zikainuliwa ghafla, hata za paka zitasimama, japo kwa muda. Simba akageuka mbio kujitazama majini.

"Usisogee!" Kindi akapiga kelele.

Hakuna aliyewahi kumpigia Simba kelele. Akaganda pale pale, mguu mmoja hewani.

"Spreyi hii ina adui," Kindi akasema.

"Adui gani? Nionyeshe, nimrarue!"

"Humrarui, Bwana Mkubwa. Ni maji. Tone moja likigusa, zinalala. Umande ukigusa, zinalala. Hata ukiinama kuyatazama, ule unyevu ukakupanda usoni, zinalala, na zikilala hazisimami tena."

Na hapo kwenye maji hakusema uongo mwingi. Muulizeni msusi yeyote.

Simba akarudisha mguu nyuma. Akayatazama maji kwa pembe ya jicho, akaogopa. Simba mzima! "Sasa nitajionaje?"

"Bwana Mkubwa, wewe ni mfalme au si mfalme?"

"Ni mfalme!"

"Mfalme hajitazami. Mfalme anatazamwa. Panda kwenye lile jabali, kule juu kwenye jua, kichwa wima. Sisi tutapita mbele yako kila siku, na kila anayepita atakwambia."

Simba akaona ni maneno mazuri. Akapanda jabalini, polepole, shingo kaikaza, akakaa. Huku chini bwawa likabaki peke yake.

Pundamilia akapita. Simba akauliza, "Zimejaa?" Pundamilia akasema, "Zimejaa!" Akashuka, akanywa, gu-gu-gu. Ngiri akapita. "Zimejaa?" "Zimejaa!" Akashuka, akanywa, gu-gu-gu. Watoto wa Kindi wakapita, yule mdogo kabebwa mgongoni. "Zimejaa?" "Zimejaa!" kwa visauti vyao vyembamba. Wakashuka. Kindi akamtia mdogo maji kinywani, tone, na tone, na tone, mpaka akafungua macho yote mawili. Kindi akalia, na safari hii machozi yalitoka.

Kufika adhuhuri zile nywele zilikuwa zimelala chali. Nzi watatu juu yake, zzz. Mlisikia mtu akisema? Nani aseme, na maji ndiyo hayo!

Mpaka akafika Kobe. Yule alikuwa mwisho wa foleni, na Kobe hajui uongo. Wote wakaacha kunywa. Kindi akaung'ata mkia wake.

"Kobe," Simba akasema, "hawa wengine wananiogopa. Wewe una gamba lako, humwogopi mtu. Niambie ukweli. Zimejaa?"

Kobe akatoa shingo. Akatazama juu. Akatazama sana. Akasema, "Bwana Mkubwa, nimezaliwa kabla ya babu yako. Nywele kama hizo sijawahi kuziona."

Simba akafumba macho kwa furaha. Kobe akateremka, akanywa, gu... gu... gu.

Basi wakaishi hivyo. Simba akishikwa na kiu, Kindi anampelekea maji kwenye kibuyu, anammiminia kooni, na Simba anatetemeka lisimdondokee tone. Mpaka wingu likakusanyika. Ngurumo, gudu-gudu-gudu. Mvua, ta! ta! ta-ta-ta! Nchi nzima ikatoka kucheza kwenye matope. Simba akatoka mbio, kichwa kakifunika kwa mikono miwili, akajitupa pangoni. Mvua ilipokatika wakamwita. Akauliza kutoka ndani, "Kumekauka?" Kindi akamjibu, "Bado, Bwana Mkubwa. Bado kabisa." Yumo mpaka leo.

Hadithi yangu imeishia mlangoni pa pango. Ikiwakolea, bebeni mwende nayo. Isipowakolea, mrudishieni Simba, ana nafasi.

Na funzo lake, shikeni vizuri. Kwanza, uongo ni mbaya, usimdanganye aliyekukalia maji yako hata ukifa kwa kiu. Pili, na hili ningeliandika ukutani, mteja ni mfalme. Msikilize, mvumilie, mpe anachotaka.

Haya, Mkawasi. Umesikia. Wenzako wanangoja. Tunaweka ipi?

Unasemaje?

Ujaribu tena ile ya kwanza?

Haya, mwanangu. Haya. Subira huvuta heri. Nipe kwanza hicho kioo. Nipe, nakuwekea hapa mezani, uso chini, kisivunjike. Sasa inama, kichwa chini kabisa. Iko moja hapa chini ya meza nilikuwa naificha, ina kitambaa chekundu. Tulia. Pshii. Tikisa. Inua, ghafla!

Haya, nyinyi kwenye benchi, mnaonaje?

— Zimejaa!