Ndege wa Kiangazi

Paukwa.

Pakawa.

Huko ulikotoka kulikuwa na baridi?

Baridi ya kumnyamazisha mbea.

Basi sogeeni, tupeane joto.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya Norwei, ambako hata mimi nilitembea na soksi mikononi, Kipepeo hakuwa na jina. Na ndege wa huko wana desturi yao: theluji ikikaribia, huhamia kwetu kwenye jua. Mwenye jina la ndege haachwi. Mdogo huruka nyuma ya bawa la mkubwa, akakatiwa upepo. Asiye na jina hubaki. Anayebaki hufa.

Kipepeo akamwendea mkubwa wao, Bata Bukini.

"Shikamoo, bibi. Nipe jina la ndege."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kwanza nipepelee makinda yangu."

Akapepea, akapepea, akapepea, mpaka unga wa mabawa ukamwisha.

Bata Bukini akaita baraza, akatangaza: "Tangu leo huyu ni sommerfugl." Kwa lugha ya huko, sommer ni kiangazi, fugl ni ndege. Vigelegele vikapigwa.

Mbayuwayu akamnong'oneza, "Shoga, jina umelisikia lote?"

"Nimesikia ndege. Linanitosha."

Majani yakageuka mekundu. Ndege wakapaa. Kipepeo akawafuata.

"Shoga Mbayuwayu, ningoje, mimi ni ndege."

"Ndege wa kiangazi, shoga. Kiangazi kiko wapi?" Akapita, uso kaugeuza pembeni.

"Mjomba Korongo, ningoje, mimi ni ndege."

"Ndege wa kiangazi, mpwa wangu. Kiangazi kiko wapi?" Akapita.

"Bibi, ningoje. Niliwapepea wanao."

"Uliwapepea vizuri, ndiyo maana nikakupa jina zuri. Kiangazi kiko wapi?" Akapita naye, na makinda yake nyuma ya bawa, wamenona.

Kipepeo akatua juu ya jani. Jani likaanguka, naye akaanguka nalo. Theluji ikamfunika, na hakuna aliyeuliza.

Jina ndilo lililobaki. Hadi leo watu wa huko wakimwona kipepeo mwenzake bustanini husema "sommerfugl", wakatabasamu.

Ngano yangu inakomea hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mimi. Ukikaribishwa, uliza ni mpaka lini. Mimi huko waliniita mgeni mpendwa, wakanikumbatia mlangoni, na tiketi ya kurudi walikuwa wamekwisha nikatia.